Naolewa mara ya pili: nivae shela au nisivae?

Swali: Shikamoo dada fundi. Nina miaka 41, naishi Makorora, Tanga. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita akaniachia watoto wawili, mkubwa ni binti wa miaka 15. Desemba naolewa tena, inshallah. Mwenzangu hajawahi kuoa, na mama yake anataka shela jeupe, ukumbi, na kila kitu. Shangazi zangu wanasema mjane havai shela, nitafute gauni la rangi iliyotulia nisije nikasemwa. Shela langu la kwanza bado lipo sandukuni, la mwaka 2008. Nivae nini? Na hilo la zamani linaweza kutengenezwa nikalivaa tena?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hongera sana, na Mungu amrehemu aliyetangulia.

Nianze na jibu lenyewe, maana najua hutalala mpaka ulipate. Shela vaa, na ukilitaka jeupe liwe jeupe. Kama hulitaki, acha, ila sababu ya kuliacha isiwe ujane wako. Nashona nguo za harusi hapa Ngamiani mwaka wa 27 huu, na hayo ya shangazi zako nimeyasikia mara nyingi kuliko sindano nilizovunja.

Watu wanasema nyeupe ni ya mwanamwali, aliyekwisha kuolewa asiiguse, na wanalisema kama neno tuliloachiwa na mabibi zetu. Bibi gani wa Tanga aliyetuachia? Mabibi zetu waliolewa na kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hakuna aliyeona nyekundu inapunguza uanawali wa mtu. Nyeupe kwetu ilikuwa kanzu ya bwana harusi, ihramu ya Makka, sanda ya maiti. Na wewe umekaa eda miezi minne na siku kumi, unajua kizuka, yaani mjane aliye edani, huku kwetu huvishwa nini. Ingekuwa nyeupe ni alama ya asiyemjua mwanamume, kizuka angevikwa nyeupe kwa lipi?

Shela jeupe limetoka Ulaya, na huko nako si la tangu na tangu. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa tarehe 10 Februari 1840 akiwa amevaa satini nyeupe na lesi ya Honiton, mji wa hukohuko. Kabla ya hapo maharusi wengi wa kwao walivaa rangi yoyote iliyokuwa nzuri na iliyowezekana kuvaliwa tena Jumapili. Picha zake zikasambaa, matajiri wakaiga, wasio matajiri wakafuata. Victoria huyohuyo alipofiwa na mumewe mwaka 1861 alivaa nyeusi mpaka alipofariki mwaka 1901. Kuna mambo yake ambayo hatukuiga, namshukuru Mungu.

Na kanuni ya kwamba ndoa ya pili haina nyeupe wala veli nayo ni ya hukohuko. Aliyekuwa akiolewa tena alitarajiwa avae suti au rangi nyingine, kichwani kofia. Wallis Simpson alipoolewa na aliyekuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1937, ndoa yake ya tatu, alivaa samawati. Jacqueline Kennedy, mjane wa rais wa Marekani, alipoolewa tena mwaka 1968 alivaa gauni fupi la mbunifu Valentino, la rangi ya pembe za ndovu, lenye lesi. Camilla, mtalaka aliyeolewa na mwanamfalme Charles wa Uingereza mwaka 2005, alivaa krimu, kichwani kofia. Halafu mwaka 2018 akaja Meghan Markle, bibi harusi wa mwanamfalme Harry wa hukohuko, naye alikuwa ameshaolewa na kuachika, akavaa nyeupe ya nyumba ya mitindo ya Givenchy na veli ya karibu mita tano, mbele ya dunia nzima. Picha hiyo nimeonyeshwa kwenye simu za wateja mpaka naweza kukuchorea mshono wa bega nikiwa nimefumba macho. Kwa hiyo wenye kanuni yao wameshaiacha, na sisi tumeiokota tunatishana nayo Makorora.

Kwa upande wa dini sitajifanya shehe. Najua ambalo kila mmoja wetu alifundishwa madrasa: ndoa ni walii, mashahidi wawili, mahari, na kauli ya kuozesha na kukubali. Gauni halimo. Na kuna heshima moja uliyopewa ambayo mwanamwali hana. Bikira akiulizwa akinyamaza, kunyamaza kwake ni ridhaa. Wewe thayibu, uliyewahi kuolewa, lazima utamke kwa ulimi wako. Sasa mwanamke ambaye sheria inataka isikie sauti yake, ataachaje shangazi wamsemee kwenye nguo?

Ngoja nikupe kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na miaka minne au mitano kazini. Akaja mama mmoja, mtalaka, ameletwa na dada zake watatu. Yeye hakusema kitu. Dada zake wakachagua krepu ya rangi ya mchanga, kola imepanda shingoni, mikono imeshuka mpaka kwenye vifundo, shanga hakuna hata moja. "Atulie," wakasema. Nikashona. Mshono ulikuwa safi, pindo limeanguka sawa, nikajipongeza. Siku ya shughuli nikaalikwa. Bi harusi alifika na gari la pili, si lile lililopambwa, na pale mlangoni kijana wa kupokea wageni akamkaribisha vizuri kabisa, akamwonyesha viti vya wageni upande wa kushoto.

Tulicheka wote, na yeye alicheka. Lakini jioni nzima nilimwona akipeleka mkono shingoni, mara mbili, mara tatu, kama mtu aliyesahau mkufu nyumbani. Lile gauni nililiita baadaye nguo ya kuomba radhi. Sijashona nyingine. Mteja akiletwa na jamaa, nawapa soda wakae barazani, nabaki naye yeye na kioo.

Kwa hiyo tuweke rangi pembeni kidogo. Niambie kwanza siku yako inakwendaje: utakaa wapi, saa ngapi, na nani atakusogelea. Gauni linatoka humo.

Kwa ulivyoeleza, nadhani itakuwa hivi. Mchana nikaha, wanaume msikitini, wewe nyumbani chumbani na wanawake. Walii na mashahidi wanakuja mlangoni kukuuliza. Baadaye bwana harusi anaingia kukupa mkono, anakuwekea mkono kwenye paji la uso na kusoma dua. Usiku ukumbini, jukwaani, picha, keki, muziki. Hizo ni sehemu mbili zenye joto tofauti, mwanga tofauti, na macho tofauti. Nguo moja ikilazimishwa kuzifanya zote mbili itaharibu moja.

Mchana ningekuvisha dirii ya lesi nyepesi au kaftani, na juu yake kisutu. Ndiyo, kisutu, doti mpya yenye wekundu wake mkali, umejitanda. Shangazi zako watanyamaza hapohapo, maana hicho ndicho cha mama zao. Na paji la uso liache wazi. Nimeona taji la mawe la kubana kichwa, bwana harusi anatafuta pa kuweka mkono hapaoni, dua inasomwa juu ya plastiki. Ukitaka pambo, kikuba cha asumini, kibanwe kwenye nywele au kwenye kisutu. Usikibane kwenye satini, asumini ikipondeka huacha doa la kahawia, na doa hilo nimepigana nalo kwa limau na chumvi nikashindwa.

Usiku ndipo shela. Hapo sasa tuseme habari ya mwili, kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka. Mwaka 2008 ulikuwa msichana. Leo una miaka 41 na umezaa mara mbili. Kifua kimeshuka kidogo, kiuno kimehama, mabega huenda yamekuwa mazuri kuliko zamani, wanawake wengi hawalijui hilo. Mashela ya kukodi mengi yamekatwa kwa msichana wa miaka 22 aliyesimama wima. Wewe utakaa jukwaani saa mbili nzima. Nikikupima nyonga umesimama nikapata sentimita 108, ukikaa itafika 112, hata 113. Lile shela la mkia wa samaki, linalobana mpaka magotini halafu linachanua, halijui hesabu hiyo. Litakupandia kiunoni, utakuwa unalivuta chini mbele ya kamera, na ngoma ya mdumange ikipigwa hutaweza kuinuka.

Mshono ninaoupenda kwa umri wako, na ni wangu mimi pia nikiolewa tena, ni huu: kiuno kimebanwa juu kidogo ya pale kilipokuwa zamani, chini ya kifua kabisa hapana, hiyo watu watadhani una mimba. Kuanzia hapo sketi inashuka na kufunguka taratibu. Shingo iwe ya mashua au ya herufi V iliyotulia. Mikono mirefu ya lesi isiyo na bitana, ili hina na piko vionekane mpaka karibu na kiwiko. Mkia mfupi, na nyuma yake kifungo kidogo na kitanzi cha kuunyanyua wakati wa kucheza. Kifungo hicho kinachukua dakika kumi kushona, na ndicho wateja wanachokuja kunishukuru nacho kuliko lesi yote.

Kitambaa. Desemba kaskazi imeshaingia na unyevu wa bahari unauonja midomoni. Satini ya poliesta inang'aa vizuri dukani, lakini haipitishi hewa, na jasho linachora ramani ya Afrika makwapani kabla hata hujakata keki. Chukua krepu yenye uzito wa wastani, au lesi juu ya bitana ya pamba nyepesi. Bitana ndiyo inayokaa mwilini, na ndiyo watu wanayoifanyia ubahili. Kama kitambaa kina upana wa sentimita 150, mshono huo bila marinda mengi utakula mita tatu na nusu mpaka nne. Ukitaka litune na liwe na mkia wa kuburuta, hesabu tano mpaka sita. Fundi akikuambia mita nane, muulize mtoto wake anaolewa lini.

Rangi sasa. Usichague ndani ya duka. Omba kipande, hata cha kiganja, kiweke chini ya shavu lako karibu na dirisha asubuhi, halafu usiku chini ya taa, mtu akupige picha na simu. Nyeupe pe, ile ya karatasi, ukumbini chini ya taa hizi za kisasa inageuka samawati, na ngozi yetu inaonekana ya kijivu. Rangi ya maziwa, krimu, au shampeni inapokea mwanga na inakubaliana na dhahabu. Kwa mbali, na kwenye picha atakazoziweka mama mkwe ukutani, ni nyeupe. Wewe utajua siyo nyeupe ya karatasi, yeye atapata shela lake jeupe, basi.

Na huyo mama mkwe usimchukie kwa shela lake. Wewe ni mara ya pili, yeye anaoza mara ya kwanza. Amekaa anasubiri siku hii pengine tangu mwanawe anatambaa. Ukiingia umevaa kama unakwenda ofisini atadhani unaona mwanawe ni wa kubandika kiraka. Mpe veli, kama roho yako haikatai: ndefu ya mgongoni, iliyobanwa nyuma ya kichwa. Ile ya kufunika uso mimi ningeiacha, si kwa ujane, ni kwa sababu katika joto lile unapumua pumzi yako mwenyewe na poda inayeyuka.

Shela la 2008. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kwa kazi ya fundi, uwezekano ni mdogo. Lifungue ulitazame kwenye mikunjo: satini iliyokunjwa miaka yote hiyo hufanya njano palepale ilipokunjwa, na njano ya uzee si rahisi kufulika. Shika uzi mmoja wa mshono wa ndani uvute. Ukikatika kama nywele, gauni zima lina hali hiyo hata kama usoni linapendeza. Mashela mengi ya kununua tayari huachwa sentimita moja hivi ya akiba ndani ya mshono, hakuna pa kulifungulia. Ujanja uliopo ni kuondoa zipu ya mgongoni na kuweka vitanzi na kamba za kukaza, hapo unaweza kupata nafasi ya sentimita nane mpaka kumi. Nimewafanyia wengi, wengi wao wasichana walionenepa kati ya posa na ndoa.

Lakini kwako singelifanya hata kama kitambaa ni kizima. Lile aliliona mtu mwingine likiingia mlangoni. Mwenzako mpya anaweza kusema halimsumbui, na pengine ni kweli, ila dada zake watalitambua kwenye picha za zamani, na maneno yatakuwa ya kweli safari hii. Na usilikate kabla hujazungumza na binti yako. Kwako ni nguo, kwake ni siku ambayo baba yake alikuwa kijana na anacheka. Niliwahi kupewa shela kama hilo nilikate nguo ya watoto, na baada ya mkasi kupita binti wa mwenyewe akaja dukani analia anataka lirudi. Haliwezi kurudi. Liweke, lizungushie kitambaa cha marekani au shuka la pamba, usilitie kwenye mfuko wa plastiki, na vidonge vya kufukuzia nondo wa nguo visiguse kitambaa.

Binti huyohuyo usimvike sare ya kamati bila kumuuliza. Mpe achague rangi yake. Miaka 15 ni mtu mzima wa kununa.

Kukodi si aibu, nilisahau kusema. Kama fedha imekwenda kwenye ukumbi na pilau, kodi. Ila livae saluni kwao, kaa chini, inua mikono juu, inama kama unaokota mtoto. Likiwa limebanwa na pini nyuma ili likukae, ujue siku ya shughuli pini hizo zitakuwa mgongoni mwako. Nusa makwapani. Tazama pindo kwa ndani, uchafu wa ukumbi wa jana hukaa huko. Na uliza saa ya kurudisha kabla ya kulipa, maana wapo wanaolitaka saa mbili asubuhi, na bi harusi wa saa mbili asubuhi ana kazi nyingine.

Udi utapita, najua, nyumba ya Tanga haiozi bila udi. Nguo ya pamba na kisutu zifukizwe mnavyopenda. Shela lenye neti na poliesta liwe mbali na chetezo, hatua tatu nzima. Jirani yangu wa cherehani ya pili alifukiza shela la mteja usiku wa kuamkia harusi, cheche moja ikaruka. Pamba ingetoboka tundu la punje ya mtama. Neti iliyeyuka ikajikunja, tundu likawa la kikombe cha kahawa. Tulikesha mpaka adhana ya alfajiri tukiliziba kwa maua ya lesi, na maua yakaonekana kama yalikusudiwa, lakini sipendi kukesha hivyo tena katika umri huu.

Ukiamua kushona, kwangu au kwa mwingine, anza miezi miwili kabla, maana Desemba kila fundi anakuahidi na wachache wanatimiza. Mimi hukata kwanza kwa marekani, ile ya bei rahisi, nakuvalisha, nachora juu yake kwa chaki, ndipo mkasi unagusa krepu. Fundi akikata kitambaa chako cha ghali moja kwa moja kwa kipimo cha tepu, mwogope hata kama ana jina. Kipimo cha mwisho kiwe siku kumi kabla, si mwezi, mwili wa bi harusi haukai mahali pamoja.

Ukija kupimwa, njoo na viatu vya siku hiyo na sidiria utakayovaa siku hiyo, si ya jana wala ya kesho kutwa. Mkanda wa kubana tumbo ulete kama kweli utakaa nao saa sita. Kama hutaweza, uache nyumbani pamoja na shangazi. Njoo kabla ya saa nne asubuhi, mwanga wa dirisha langu ukishavuka barabara kila krimu inaonekana njano.